Miligramu Nane

Kila asubuhi namhesabia mama kidonge kimoja,
miligramu nane, juu ya kijiko cha mtindi,
naye huuliza kwa sauti ile ile aliyoulizia bei ya majani:
"Hii ni kiasi gani?"
Nane, mama.
"Wametupunja."

Ana haki. Mei baada ya Mei, miaka kumi na minne,
Stanka wa Elhovo aliinama msituni kando ya mto Tundzha,
maji ya mafuriko yamemfika magotini,
akikata majani ya kokiche, ua jeupe la kinamasini,
kwa mundu mdogo, kiganja kimoja juu ya udongo;
tunguu liachwe lilale, mwakani nalo lina zamu.
Mbuzi wa Dobri hawakuligusa hata mwaka wa ukame.
Mbuzi, alisema mama, wana chuo kikuu chao.

Karani wa mizani alitoa kilo tatu kila gunia.
Alisema ni maji.

Mimi nilisomeshwa na magunia hayo.
Sofia, ndani ya koti jeupe lisilo langu,
nililowesha unga wa majani kwa magadi,
nikauosha kwa kiyeyushi, nikaubembeleza uingie kwenye asidi,
nikarudisha magadi, tone, tone,
mpaka ukutani mwa chupa kikaganda kitu kama sakitu.
Kilo nzima ya majani makavu: gramu moja.
Mwaka mzuri, mbili.
Haba na haba, na kibaba hakikujaa.

Kaboni kumi na saba.
Haidrojeni ishirini na moja.
Oksijeni tatu.
Nitrojeni moja, peke yake, kama mjane harusini.
Niliyaandika hayo kwenye barua ya kwanza nyumbani.
Mama akajibu kwa penseli:
"Nimekata tani nzima. Mbona umepata vichache hivyo?"

Bibi yake hakuwa na hesabu.
Alipasua tunguu, akalisugua kwenye paji la aliyeumwa mishipa,
akasema: ngoja.
Mimi, badala ya kungoja, nilisoma.
Kati ya neva na neva pana mwanya.
Ujumbe huvuka, na nyuma yake huja kimeng'enya,
mfagiaji mwenye bidii mno,
hufagia neno kabla halijasomwa.
Kwa mama maneno sasa ni machache
na ufagio ni ule ule.
Kidonge huketi mlangoni mwa mfagiaji
kama mgeni asiyejua kuwa watu wanataka kupita.
Humchelewesha.

Hakiponyi.
Neno hilo niliwahi kuliandika kwenye ripoti, nikalipigia mstari,
na mkono haukutetemeka.
Kina kichefuchefu chake. Kina ndoto zake mbaya.
Moyo hupunguza hatua, nami usiku hukaa na kidole
juu ya mshipa wa mkono wake, nikihesabu,
kwa kuwa kilichomo kwenye tunguu kinaua pia,
na tofauti ya dawa na sumu
ni ile sindano ya mizani, na uaminifu wa karani.

Jumapili nilimpeleka msituni.
Njiani aliniita Gergana, dada yake aliyezikwa zamani.
Sikumsahihisha.
Lakini alipoona weupe ule majini, mgongo ukainama wenyewe,
mkono bila mundu ukashika majani
kiganja kimoja juu ya udongo.
"Tunguu liache," akaniambia, mkali,
kama anavyofokewa kibarua wa siku ya kwanza.
"Umesikia, wewe?"
Nimesikia.

Akaupima ule mkono mtupu, juu, chini.
"Na ya karani," akauliza, "tumeshaitoa?"
Tumeshaitoa, mama.
Akatikisa kichwa, ambako huku kwetu maana yake ni ndiyo,
akaanza kuhesabu magunia.